Mwanangu, Barua ya Chuo Ilifika Jumanne

Mwanangu Mumbua,

Barua ya chuo haikufika Alhamisi. Ilifika Jumanne ya wiki iliyotangulia. Niliisoma siku hiyo hiyo pale saiba, duka la intaneti la Dagoretti Corner, nikaifunga, nikarudi nyumbani nikakata sukuma wiki ya jioni. Nilikaa nayo siku tisa. Hakuna mtu mwingine anayejua hili. Sijamwambia mdogo wangu Ndanu, sijaliandika kwenye daftari langu, na hata ninapoomba nimekuwa nikilipita haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Sasa umejua. Kama bado umesimama, kaa kwanza. Chai iko ndani ya chupa na karatasi hizi nimeziweka chini yake, kwa sababu najua ukitoka zamu hugusi kitu kingine kabla ya chai. Ni saa kumi na moja jioni ninapoandika. Wewe uko kliniki, zamu yako ya mwisho. Ndanu nimempeleka kwa Mama Atieno mlango wa pili, nikasema nina kazi ya kuandika. Mama Atieno aliniuliza, "Unaandikia nani, mchumba?" Nikasema hapana, naandikia mwanangu. Alicheka hadi akashika mlango.

Usikasirike kwamba nimekuita hivyo. Wewe ndiye uliyeanza. Tangu nizaliwe unaniita Mwaitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la nyanya Kamene, na kwetu Ukambani anayebeba jina la mamako ni mamako. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wetu wa nyumbani tu. Ulikuwa ukinigombeza ukisema, "Mwaitu, nakuomba, toa miguu kwenye kiti," nami nilikuwa nikijibu, "Sawa, mwanangu," halafu tunacheka na miguu inabaki pale pale. Leo nataka kulibeba hilo jina kwa uzito wake. Mtoto akitoka nyumbani kwenda kusoma, mama yake humwambia maneno. Wewe hukuambiwa.

Umenisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili ulikuwa unapiga pasi. Ulipotoka Kilungu kuja Nairobi kusomea diploma ya uuguzi, nyanya aliamka mapema kuliko siku zote, akachukua jembe, akaenda shamba la mbali. Ulimngoja na sanduku lako barabarani. Dereva alikuonea huruma akangoja pia, kisha akachoka. Gari likaondoka na nyanya hakuja. Miaka mingi baadaye alikwambia kwa nini: alijua akikuona umevaa viatu vya safari atakushika mkono na hatauachilia. Ulisema ulimsamehe. Lakini kila unapofika mahali pale kwenye hadithi, pasi husimama juu ya nguo muda mrefu kidogo, hadi nakwambia, "Mama, inaungua."

Nafikiri nilirithi jina pamoja na jembe.

Maana hivyo ndivyo nilivyofanya. Mimi sikuwa na shamba la kukimbilia, kwa hivyo nilikuficha barua. Ile akaunti yako ya barua pepe tuliifungua pamoja, na neno la siri nililichagua mimi, na wewe ulisema, "Mwaitu, hayo mambo ya kompyuta yashike wewe, mimi nishike watoto wanaozaliwa." Uliniamini hivyo. Nilipoiona ile barua, jina lako lote limeandikwa kwa herufi kubwa, kwamba umechaguliwa kwa digrii ya wauguzi walio kazini na kwamba muhula mzima wa kwanza mtalala hosteli, sikufurahi. Nataka nikwambie ukweli wote. Niliogopa. Nilimwangalia kijana wa saiba nikidhani amesoma uso wangu. Alikuwa anakula ndizi.

Unajua nilichokuwa naogopa? Si kupika, wala si Ndanu kuugua, maana Mama Atieno yupo na wewe utakuwa hapo mjini tu, na Jumamosi utakuja. Niliogopa kuongea. Wewe ndiye umekuwa mdomo wangu. Kwa msusi ni wewe unayesema, "Anataka mistari sita, si minane." Mwenye nyumba akibisha, mimi huingia chumbani na wewe unatoka. Tulipoenda kuomba kitambulisho changu, yule afisa aliniuliza jina, ukajibu wewe. Akauliza nilizaliwa wapi, ukajibu wewe. Akaweka kalamu chini akasema, "Mama, anayechukua kitambulisho ni wewe ama ni huyu?" Ulicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini usiku ule nilijiuliza kama kweli nina miaka kumi na minane au nina tisa mara mbili.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kuvaa sweta. Wewe ni muuguzi, umewaambia watu hayo maisha yako yote. Nitakuandikia makosa yangu, maana ndiyo mali niliyo nayo.

La kwanza. Siku yangu ya kwanza Kidato cha Kwanza sikujua vyoo viko wapi. Kulikuwa na wasichana wengi wa kuuliza, na walimu, na hata mpishi aliyesimama mlangoni akitupokea kwa tabasamu. Sikuuliza. Nilikaa hivyo tangu asubuhi hadi kengele ya jioni, nikatembea kuja nyumbani kwa hatua fupi fupi, na wewe ukadhani viatu vipya vinanibana. Ulivipaka mafuta wiki nzima ili vilainike. Sikukwambia. Kesho utaingia mahali ambapo hujui choo kiko wapi. Mwanangu, uliza. Uliza hata kama anayekujibu ni msichana wa rika langu anayetafuna chingamu.

La pili ni baya zaidi. Kwenye mtihani wa majaribio, Kidato cha Nne, tulipewa chupa mbili za kemia kila mtu. Ya kwangu ya pili ilikuwa tupu. Mtu alisahau kuijaza. Kilichohitajika ni kuinua mkono tu. Niliuangalia mkono wangu, ukaniangalia. Basi nikaandika kwamba nilichanganya, nikaona rangi ya samawati, na baadaye nikaona ikigeuka nyeupe. Wiki iliyofuata mwalimu alisimama kando ya dawati langu na karatasi yangu. "Kamene, hii rangi uliiona wapi?" Nikanyamaza. "Chupa yako nimeikuta tupu na kavu. Uliiona wapi?"

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa na mwalimu wa jambo hilo nyumbani. Wewe ndiye ulinifundisha kupima presha kwa mashine ya kusukuma kwa mkono, kwenye mkono wa Mama Atieno, na nilipokisia namba ulinivua stethoskopu masikioni ukasema, "Hukusikia. Usiandike. Pima tena." Hukunigombeza. Ulinirudishia tu. Nilijua sheria hiyo, na bado niliandika rangi ambayo sikuiona. Tangu siku ile najua kwamba kunyamaza kwangu si adabu, ingawa watu wa kanisani hunisifu eti mtoto mpole. Wakati mwingine ni uongo uliokaa vizuri.

Nimeyaleta haya kwa sababu nilipokuficha barua nilikuwa natumia ile ile njia. Sikusema uongo siku za kwanza. Sikusema kitu tu. Halafu ukaanza kuuliza. Ijumaa ukauliza, "Mwaitu, wale watu wa chuo hawajaandika?" Nikasema bado. Jumatatu nikasema bado. Jumatano ulikuwa unapiga pasi sare yako ya bluu, ukauliza, nikasema hakuna kitu. Ukainua sare ukaitazama kwenye mwanga wa dirisha, ukasema, "Sawa. Labda hawataki wazee." Kisha ukacheka, ukaendelea na kola.

Ungelalamika ningevumilia. Kile kicheko ndicho kilichoniondoa nyumbani.

Alhamisi asubuhi ulipoenda kazini nilivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, nikaenda mjini peke yangu. Na hapa pia nitasema ukweli: sikwenda kukutetea. Nilikwenda kutafuta ubaya. Nilitaka nikute jengo bovu, hosteli chafu, walimu wenye kiburi, ili nirudi na sababu nzuri ya kuendelea kunyamaza.

Getini kulikuwa na bendera na viti vya plastiki na watu wengi waliovaa vizuri. Sikujua ndiyo siku waliyokuwa wanafungua jengo jipya la uuguzi na sayansi za afya. Askari wa geti alinitazama juu hadi chini.

"Wewe ni wa kwaya?"

"Hapana, mimi..."

"Wenzako wako ndani kitambo! Kimbia, mgeni wa heshima ameshafika."

"Lakini..."

"Msichana, usinicheleweshe. Pita hapo kwa hema."

Ningesema mimi si wa kwaya. Wewe ungesema. Mimi nilikimbia kwa hema. Mwanangu, nilisimama mstari wa nyuma wa kwaya ya chuo nikafungua na kufunga mdomo kwa nyimbo mbili ambazo sijawahi kuzisikia. Msichana aliyekuwa kando yangu alininong'oneza, "Wewe ni wa mwaka gani?" Nikaongeza kufungua mdomo.

Lakini kutoka pale nilisikia hotuba zote, na kwa hivyo najua habari za chuo chako kuliko wewe. Mkuu wa chuo alisema darasa la wauguzi walio kazini lilianza mwaka jana na watu wachache, wakisomea chumba cha kuazima ambacho walikuwa wakitolewa kila idara nyingine ilipokihitaji. Siku moja, alisema, walisomea ngazini. Sasa wamepata orofa nzima, na chumba cha mazoezi chenye vitanda kama wodi, na hosteli yao. Alisema wanafungua kozi nyingine pia, za lishe na za rekodi za afya. Watu walipiga makofi. Nilitafuta kiburi usoni mwake nikaona tu mtu aliyelala vibaya, ambaye kiatu kimoja kilikuwa na rangi ya ukuta.

Wageni walipoanza kutembezwa nikajiingiza nyuma yao. Kuta zilinuka rangi mbichi. Chumba cha mazoezi kilikuwa na mwanasesere mkubwa wa plastiki, mwanamke mjamzito, amelazwa kitandani, na kando yake mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti jeupe, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Walimwita Sister Nekesa. Alikuwa mwanafunzi, Mama. Mwanafunzi! Alikuwa anaonyesha wageni namna ya kuzalisha, na wakati wote alikuwa anaongea na yule mwanasesere.

"Usisukume bado, mama. Pumua. Pole pole. Niko hapa, siendi mahali."

Kijana mmoja mwenye koti kama lake akacheka. "Sister Nekesa, huyo ni plastiki!"

"Plastiki ni wako. Mimi nikizoea kunyamaza hapa, nitanyamaza hata kule wodini."

Yale maneno yalinipata mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni bila kuulizwa kitu. Nilikumbuka wewe na sauti yako. Nilikumbuka wanawake wanaotusimamisha pale Dagoretti Corner kukuonyesha mtoto, wakisema, "Sister, wewe ndiye uliniongelesha usiku kucha." Sijawahi kusikia hata mmoja akisema ulimdunga sindano vizuri. Wote husema uliwaongelesha. Na mimi nilikuwa nimekaa na barua siku tisa ili niendelee kuwa na sauti hiyo peke yangu, imwambie msusi mistari sita.

Wageni walitoka. Sister Nekesa akaniona.

"Na wewe, msichana wa kwaya, mbona unanitazama kama umepoteza mtu?"

Nilikuwa nimepanga swali kutoka nyumbani. Nilitaka kuuliza habari za mama yangu aliyepewa nafasi. Lakini kichwani mwangu wewe una majina mawili, na nikaogopa, na likatoka lile la nyumbani.

"Nimekuja kuuliza kuhusu mwanangu."

Yule kijana akasema, "Mwanao? Eish! Kwani una miaka mingapi?"

"Kumi na minane," nikasema. "Mwanangu ana arobaini na moja."

Walicheka, Mama. Walicheka hadi mwanasesere akatikisika kitandani. Nilihisi masikio yanaungua, na miguu ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea mlangoni. Ndipo Sister Nekesa akavaa miwani yake, akanitazama.

"Ngojeni. Una jina la nyanya yako, sivyo?"

"Ndiyo. Naitwa Kamene."

"Anakuita mama?"

"Mwaitu. Sisi ni Wakamba."

"Kwetu Bungoma pia mjukuu akibeba jina, tunamwita mama. Acheni kucheka nyinyi, huyu ni mzazi." Akavuta kiti akakipangusa. "Karibu, mzazi. Huyo mtoto amepata nafasi kwetu?"

"Amepata."

"Amethibitisha?"

"Bado."

"Mwisho si ni kesho saa kumi! Yuko wapi?"

"Yuko kazini. Anaogopa."

Huo ulikuwa uongo, na nakuomba msamaha kwa kuukalisha juu yako. Hukuwa umejua hata kuna kitu cha kuogopa. Lakini Sister Nekesa aliuamini, akauliza unaogopa nini, nami nikasema unaogopa kuwa mkubwa kuliko wengine darasani.

"Mwambie mimi nina hamsini na mbili," akasema. "Mwambie wiki jana nilianguka mtihani wa madawa na nikalia kama mtoto, na huyu kijana anayecheka ndiye amekuwa akinifundisha. Nami namfundisha kushika mgonjwa, maana anashika watu kama mizigo."

"Sister, haki," kijana akasema.

"Mwambie kitanda kando ya changu hosteli hakina mtu." Kisha akanishika kidevu, jambo ambalo sipendi kufanyiwa, lakini nilimwacha. "Na wewe, mzazi? Wewe unaogopa nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema, "Nyumbani yeye ndiye huongea."

"Na hapa ni nani amekuwa akiongea?"

Nilitazama nyuma. Kweli nilitazama nyuma, Mama, kana kwamba ningekukuta umesimama pale na mkoba wako.

Alinipeleka ofisi ya usajili. Kule niliuliza maswali yote mwenyewe, kwa sauti. Fomu inahitaji sahihi ya nani? Ya mwenyewe, si ya mtoto wake. Vyeti halisi au nakala? Vyote viwili. Asipoweza kufika kabla ya saa kumi? Basi nafasi inaenda kwa anayengoja, na wanaongoja ni wengi. Nikaandika yote mkononi kwa kalamu kwa sababu sikuwa na karatasi. Jioni ile, nilipokuwa nakwambia vyeti gani ubebe, nilikuwa nasoma kiganja changu. Wewe ulidhani naomba.

Ulikuwa unasonga ugali. Nikasema, "Mwanangu, barua yako imefika." Ukakaa sakafuni na mwiko mkononi. Ukauliza, "Imefika lini?" Na mimi niliyekuwa nimeongea mchana kutwa, niliyesimama kwenye kwaya ya watu na ofisi ya watu, nikasema neno moja tu. "Leo."

Ningeyaacha hapo, maana Ijumaa ulifika ukatia sahihi kwa wakati. Lakini Jumapili ulisimama kanisani kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Bwana asifiwe tena! Barua ilifika Alhamisi jioni, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi. Siku moja, wapendwa! Adui alitaka kuichelewesha, lakini ameshindwa!"

Kanisa zima likapiga makofi. Adui alikuwa amekaa safu ya tatu, ameshika kitabu cha nyimbo juu chini. Mama Mchungaji akanishika bega akasema, "Mshukuru Mungu kwa mama kama huyu," nikasema amina, na amina ile imenikwama kooni wiki mbili.

Ningeweza kuendelea kuimeza. Lakini jana nilikuona. Ulifungua sanduku, ukatoa nguo moja moja, ukazirudisha kabatini. Ndanu akauliza unafanya nini, ukasema, "Nazipumzisha." Akasema, "Nguo pia huchoka?" Ukaniambia mimi, bila kunitazama, "Nitaenda mwaka ujao, Mwaitu. Wewe upate nafasi yako kwanza. Nitakuachaje hivi, mtu asiyeweza hata kuita kondakta?"

Mwanangu, mimi nimeisoma ile barua mara nyingi kuliko wewe. Asiyeripoti kesho kufikia saa sita mchana, jina lake linafutwa. Hakuna mwaka ujao uliotajwa mle. Na ukibaki kwa ajili yangu, nitakuwa nimekuficha barua mara ya pili, safari hii bila hata kuigusa.

Ndiyo maana nimeandika. Nilitaka ujue kwamba huyu unayeogopa kumwacha alishavuka geti lile kabla yako. Alichekwa na chumba kizima na hakufa. Aliuliza maswali kwenye ofisi yenye foleni. Na leo asubuhi, hili hujui, mwenye nyumba alibisha ukiwa kazini na sikuingia chumbani. Nilimwambia bomba la jikoni linavuja na kwamba tumesema mara tatu. Alisema, "Kumbe huyu huongea!" Fundi anakuja Jumatatu.

Kuhusu nafasi yangu, niachie. Bado sijui nataka nini, na sitaki kuchagua kwa haraka ili wewe upate ruhusa ya kuondoka. Ile siku pale chuoni nilisimama muda mbele ya ubao wa matangazo, kwenye ile kozi ya rekodi za afya. Ni kazi ya mtu anayependa kimya na anayeandika tu kile ambacho kimeonekana. Sijasema chochote. Nimesema nilisimama.

Sanduku nimelipanga tena. Liko nyuma ya mlango. Usilifungue, kila kitu kimo, pamoja na sare ya bluu ambayo hutahitaji lakini najua utaitaka. Kesho saa moja Mama Atieno atampeleka Ndanu shule. Mimi nitakuwa mlangoni. Sina jembe, na hakuna shamba la mbali Dagoretti Corner. Nitakushika mkono kama nyanya alivyoogopa kukushika, kisha nitauachilia. Nimefanya mazoezi kwa mpini wa ufagio, na Ndanu ameniona, na ameniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa sana.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na hapa nasema kama mtoto wako, si kama mama yako. Yale ya siku tisa yabaki kati yetu. Mchungaji asijue, Mama Atieno asijue, na Ndanu hasa asijue, maana ataniimbia hadi azeeke. Ushuhuda ulioutoa uache ulipo; ukiulizwa tena, mshukuru Mungu kwamba ulifika kwa wakati, maana hilo ni kweli. Na kesho hosteli, mama mmoja mwenye miwani ya kamba atakutazama ukiingia na sanduku, atasogeza vitu vyake kutoka kitanda cha pili, na atakuuliza kwa sauti ya kusikika hadi koridoni, "Wewe ndiye yule mtoto wa Kamene?"

Atadhani nilitumwa na wewe siku ile. Mwache adhani hivyo. Mwambie, "Ndiyo, ni mimi," kisha mwulize choo kiko wapi.

Mama yako,
Kamene